Kabla ya Kusafisha Mto, Piga Hesabu: Modeli ya Ubora wa Maji kwa Wakazi wa Bonde la Msimbazi

Ukiishi Vingunguti, Tabata, Kigogo au Jangwani jijini Dar es Salaam, huhitaji mtaalamu wa kukuambia kwamba Mto Msimbazi umechafuka. Unaiona rangi ya maji, unaisikia harufu, na masika yakifika unaona yanayoingia uani. Kazi ngumu ni kujua tuanze wapi. Kuna mfereji unaotoka sokoni, bomba linalotoka kiwandani, vyoo vinavyotapishwa mvua ikinyesha, na taka zinazotupwa kila kona. Fedha za mtaa hazitoshi kushughulikia yote kwa pamoja, na hata za serikali hazitoshi. Tukianzia mahali pasipo penyewe, tutachoka, fedha itakwisha, na mto utabaki vilevile.

Ipo njia ya kujua wapi pa kuanzia kabla ya kutoa hata shilingi moja ya ujenzi. Wataalamu huiita modeli ya ubora wa maji. Jina linatisha kidogo, lakini kiini chake ni kuzidisha na kujumlisha, na sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa na wakazi wenyewe. Makala haya yanakupitisha hatua kwa hatua: modeli ni nini, unapima nini, unahesabu vipi, inagharimu nini, na majibu unayapeleka wapi.

Modeli ya ubora wa maji ni nini?

Ni hesabu inayoyafuata maji kuanzia juu ya mto hadi baharini, ikiandika kila kinachoingia njiani. Ichukulie kama daftari la duka: unaandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Hapa bidhaa ni maji na uchafu. Ukijua mto umekuja na uchafu kiasi gani, na kila mfereji umeongeza kiasi gani, unaweza kukadiria hali ya maji kule chini. Kisha unaweza kuuliza: je, tukiuziba mfereji huu, au kiwanda kile kikisafisha majitaka yake kwanza, mto utakuwaje? Hesabu inakupa jibu kabla hujachimba msingi.

Mambo haya yana umri wa miaka mia moja. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Marekani, Streeter na Phelps, walitoa hesabu ya kueleza jinsi oksijeni inavyopungua na kurudi katika Mto Ohio baada ya kupokea majitaka. Modeli nyingi za mito zinazotumika leo bado zimejengwa juu ya hesabu hiyo. Uingereza nayo iliitumia njia ya namna hii kwa Mto Thames unaopita London. Mwaka 1957 mto huo ulitangazwa kuwa umekufa, hauna tena viumbe wa maana. Watafiti wakapiga hesabu ya oksijeni kipande kwa kipande katika eneo ambako maji ya mto hukutana na ya bahari, na mwaka 1964 wakachapisha taarifa iliyoonyesha ni majitaka ya wapi yaliyokuwa yakiumiza zaidi. Mitambo mikubwa ya kusafisha majitaka ya jiji iliboreshwa katika miaka ya 1960 na 1970, na mwaka 1974 samaki aina ya salmoni akaonekana tena mtoni humo.

Uchafu unaumizaje mto?

Samaki na wadudu wa majini hupumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji safi yenye joto la nyuzi 28, joto la kawaida Dar es Salaam, yanaweza kubeba oksijeni isiyozidi miligramu 8 hivi katika kila lita. Samaki wengi huanza kutaabika ikishuka chini ya 5, na ikishuka chini ya 2 wengi hufa.

Oksijeni hiyo hupotelea wapi? Majitaka ya vyooni, damu ya machinjio, maji ya jikoni na mabaki ya sokoni ni chakula cha vijidudu vidogo sana. Vijidudu vikila, hupumua, na oksijeni inakwisha. Kwa hiyo wataalamu wana kipimo kiitwacho BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu vitahitaji ili kuumaliza uchafu ulio ndani ya maji. BOD ikiwa kubwa, uchafu unaooza ni mwingi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 zinasema majitaka yanayomwagwa mtoni yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita. Ishike namba hiyo, tutaihitaji.

Jambo moja huwashangaza wengi: mahali ambapo oksijeni ni kidogo kuliko pote huwa si pale bomba linapomwaga. Vijidudu huchukua muda kula, na maji huwa yanatembea huku vinakula. Basi samaki wanaweza kufa kilomita kadhaa chini ya chanzo, na lawama ikamwangukia jirani asiyehusika. Modeli husaidia kumwondolea lawama huyo na kumtafuta mhusika halisi.

Mto wetu ukoje?

Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unakatiza jiji kwa takribani kilomita 35, na unaingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Njiani unapokea vijito vingi, vikiwemo Luhanga, Ubungo na Sinza. Vingunguti kuna machinjio na mabwawa ya majitaka ambako magari ya kunyonya vyoo humwaga. Kandokando ya mto watu hulima mchicha na matembele yanayouzwa jijini kote. Mdomoni kuna mikoko, na huko bahari inaingia na kutoka kila siku.

Kwa ajili ya hesabu, usiuchukue mto kama kitu kimoja. Ukate vipande. Kipande kimoja kinaweza kuwa kutoka Kinyerezi hadi Vingunguti, kingine Vingunguti hadi Kigogo, kingine Kigogo hadi Jangwani, na cha mwisho Jangwani hadi Salenda. Kila kipande kina mwanzo, mwisho, na mifereji inayoingia katikati. Kikundi cha mtaa kinatosha kushika kipande kimoja tu.

Hatua ya kwanza: watu na ramani

Anzeni ofisi ya serikali ya mtaa. Mwelezeni mwenyekiti na afisa mazingira wa kata mnachotaka kufanya, na muombe barua ya utambulisho. Bila barua hiyo mtaonekana wapelelezi mkisimama na madaftari karibu na bomba la mtu. Watu sita wanatosha: wawili wa kupima, mmoja wa kuandika, mmoja wa saa, na wawili wa usalama na usafirishaji.

Kisha tafuteni ramani. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi kuchora mitaa na mifereji ya jiji, na ramani hizo zimo katika OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaifungua bure kwa simu. Chapisheni kipande chenu, mtembee mto mzima wa kipande hicho kwa miguu, na mtie alama kila bomba, mfereji na mahali pa kutupia taka. Andikeni harufu, rangi, na saa ambayo maji hutoka. Bibi anayelima bustani hapo kwa miaka mingi atawaambia bomba lipi hufunguliwa usiku. Muulizeni kwa heshima na muandike anachosema.

Hatua ya pili: pimeni wingi wa maji

Huwezi kujua uchafu ni kiasi gani kama hujui maji ni kiasi gani. Kwa bomba dogo, tumia ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 2, bomba linatoa lita 10 kwa sekunde.

Kwa mto au mfereji mpana, tumia chungwa. Chagueni mahali paliponyooka, pimeni mita 10 kando ya maji, dondosheni chungwa katikati, na mhesabu sekunde hadi lifike. Rudieni mara tatu mpate wastani. Tuseme limetumia sekunde 20: mwendo ni nusu mita kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisheni kwa 0.8 mpate mita 0.4. Kisha pimeni upana wa mto na kina chake sehemu kadhaa kwa fimbo yenye alama. Upana ukiwa mita 3 na wastani wa kina sentimita 20, zidisheni: 3 mara 0.2 mara 0.4 ni mita za ujazo 0.24 kwa sekunde, yaani lita 240.

Tahadhari: vaeni mabuti na glavu za mpira, msiingie majini mkiwa na kidonda, na msiguse uso. Maji haya yanaweza kuwa na vimelea vya kipindupindu na kichocho. Mvua ikiwa inanyesha Pugu au Kisarawe, tokeni bondeni hata kama kwenu jua linawaka, kwa sababu mto hupanda ghafla. Mkimaliza, naweni kwa sabuni.

Hatua ya tatu: chukueni sampuli

Sampuli ni maji kidogo yanayowakilisha maji mengi. Chukueni juu ya kila bomba kubwa, kwenye bomba lenyewe, na chini yake mahali ambapo maji yamekwisha kuchanganyika. Ulizeni maabara iwape chupa. Elekezeni mdomo wa chupa kule maji yanakotoka, izamisheni chini kidogo ya uso wa maji, na msichote takataka zinazoelea. Chupa ya BOD isuuzeni kwanza kwa maji ya mto yenyewe mara tatu. Chupa ya kupima vijidudu vya kinyesi huwa imetakaswa maabara, hiyo msiisuuze wala msiguse ndani ya kizibo. Andikeni juu ya kila chupa mahali, tarehe na saa, ziwekeni kwenye boksi lenye barafu, na zifike maabara siku hiyohiyo. Majibu ya BOD huchukua siku tano, kwa hiyo msishangae mkiambiwa msubiri.

Oksijeni iliyoyeyuka ni vizuri ipimwe palepale mtoni kwa mita maalumu, kwa sababu hubadilika chupa ikisafiri. Ikiwezekana ipimwe alfajiri. Mchana mimea ya majini hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua, usiku yote huivuta. Mto unaopimwa saa nane mchana peke yake unaweza kuonekana mzima kuliko ulivyo.

Pimeni lini katika mwaka? Angalau mara mbili. Mara ya kwanza wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache na uchafu haupati maji ya kuuzimua. Mara ya pili mvua za kwanza za vuli zikishapungua na kuteremka bondeni kukiwa salama, maana mvua hizo hufagia yote yaliyolala barabarani na kwenye mitaro kwa miezi kadhaa.

Hatua ya nne: hesabu yenyewe

Sasa chukua kikokotoo cha simu. Kanuni ni moja: lita kwa sekunde, mara miligramu kwa lita, mara 0.0864. Jibu ni kilo za uchafu kwa siku. Hizi huitwa mzigo wa uchafu.

Tutumie mfano wa kubuni. Mto unakuja na lita 240 kwa sekunde zenye BOD ya miligramu 8. Mfereji mpana, tuuite A, unaingiza lita 50 kwa sekunde zenye BOD 40. Una povu, unaonekana na kila apitaye darajani, na kila mtu anaulalamikia. Chini kidogo kuna bomba jembamba lililojificha vichakani, tuliite B, linalotoa lita 10 kwa sekunde zenye BOD 600. Ukipiga hesabu, mto umekuja na kilo 166 kwa siku, mfereji A unaongeza kilo 173, na bomba B linaongeza kilo 518. Bomba ambalo hakuna aliyelizungumzia lina uchafu mara tatu ya mfereji unaolaaniwa na wote.

Ili kupata hali ya mto chini ya vyanzo hivi viwili, zidisha kila maji kwa BOD yake, jumlisha, kisha gawanya kwa jumla ya maji. Maji yote ni lita 300 kwa sekunde. 240 mara 8 ni 1,920. 50 mara 40 ni 2,000. 10 mara 600 ni 6,000. Jumla 9,920, gawanya kwa 300, unapata BOD ya miligramu 33 hivi kwa lita. Hiyo ndiyo modeli yako ya kwanza.

Linganisha jibu hilo na kile maabara ilichopima chini ya mto. Yakikaribiana, daftari lako linaeleza ukweli. Lakini kama maabara imesema 50, upo mzigo wa takribani kilo 440 kwa siku ambao hamjauona. Msikate tamaa, huo ni ushahidi wenye thamani. Rudini mkatembee kipande hicho tena, safari hii saa nyingine ya siku, mtafute chemba inayovuja, bomba lililozamishwa, au mahali ambapo gari la majitaka humwaga wakati watu wamelala.

Hatua ya tano: jaribuni maamuzi kwenye karatasi

Hapa ndipo modeli inapolipa jasho lenu. Tuseme mna uwezo wa kushughulikia chanzo kimoja tu mwaka huu, na mnataka kukifikisha kwenye kiwango cha kisheria cha 30. Mkirekebisha mfereji A, BOD ya mto chini itashuka kutoka 33 hadi 31. Mkirekebisha bomba B, itashuka hadi 14. Kwa macho ya mpita njia, A ndiyo yenye aibu. Kwa mto, B ndiyo yenye sumu. Fedha iende kwenye mzigo.

Njia hiyohiyo inatumika kujaribu mengine: mabwawa ya kutuliza majitaka, choo cha umma sokoni ili watu wasitumie mtaro, au kuunganisha nyumba kwenye bomba la majitaka la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Kwa kila jambo jiulizeni ni kilo ngapi kwa siku litaondoa, kisha gawanyeni gharama kwa kilo hizo. Mradi wenye gharama ndogo kwa kila kilo ndio unaostahili kutangulia, isipokuwa kama kuna hatari ya afya isiyoweza kungoja.

Lini tunahitaji programu ya kompyuta?

Hesabu tuliyofanya inatosha kwa kipande kifupi. Haielezi oksijeni inavyopanda na kushuka njiani, wala mafuriko, wala bahari. Fikiria mwendo ule wa mita 0.4 kwa sekunde: kwa saa 24 maji yanakwenda kama kilomita 35, karibu urefu wote wa Msimbazi. Kwa viwango vya kawaida vya vitabuni, katika siku moja vijidudu huwa vimekula chini ya theluthi moja ya uchafu huo. Maana yake sehemu kubwa inafika Jangwani na kwenye mikoko ya Salenda ikiwa bado haijaoza. Huko maji yakijaa, bahari huuzuia mto na uchafu hukaa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, hali huwa tofauti na wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Kulihesabu hilo kunahitaji kompyuta na mtaalamu.

Programu zenyewe hazina bei. QUAL2K hueleza oksijeni na uchafu mtoni na hufanya kazi ndani ya Excel. WASP hufaa zaidi mahali kama mdomo wa mto. SWMM hufuata maji ya mvua katika mitaro ya jiji. HEC-RAS huhesabu mwendo wa maji na mafuriko. QGIS ni ya ramani. Zote hupakuliwa bure intaneti. Kinachogharimu ni muda wa mtu anayezijua na data za kuzilisha, kwa kuwa programu ikipewa namba mbovu itatoa jibu bovu lenye picha nzuri.

Inagharimu kiasi gani?

Panga gharama katika mafungu matatu. Fungu la bure ni ramani, programu, chungwa, ndoo, simu na nguvu zenu. Fungu dogo ni mabuti, glavu, barafu, nauli na daftari, ambavyo kikundi kinaweza kuchangishana. Fungu kubwa ni maabara, na hapo inafaa kuwa makini. Maabara hutoza kwa kila kipimo cha kila sampuli. Sehemu sita zikipimwa mambo manne ni vipimo 24. Mkirudia msimu mwingine ni 48. Kabla ya kuchukua sampuli hata moja, ombeni profoma, yaani ankara ya awali, kutoka maabara mbili au tatu mlinganishe.

Ili kupunguza gharama, anzeni na BOD peke yake kwenye mabomba yenye maji mengi na yale yenye harufu kali. Mita ya oksijeni msinunue, azimeni. Njia nyingine nzuri ni kuandika barua kwa idara ya uhandisi wa mazingira ya Chuo Kikuu Ardhi, au idara ya rasilimali za maji ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mkiwaeleza kwamba mna kipande cha mto, watu na data za wingi wa maji. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho hutafuta mada za utafiti, na nanyi mna mada iliyo hai. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji na ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali nazo hupokea sampuli za wananchi kwa malipo.

Majibu tunayapeleka wapi?

Andikeni ukurasa mmoja: ramani, jedwali la mizigo, na ombi moja lililo wazi. Nakala ya kwanza ipelekeni kwa mtendaji wa kata. Ya pili ipelekeni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, kwa sababu Msimbazi uko chini yake na ndiyo hutoa vibali vya kumwaga majitaka mtoni kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Waulizeni swali hili: bomba lililo mahali hapa lina kibali, na kibali kinaruhusu kiasi gani? Ya tatu ipelekeni ofisi ya kanda ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Kama ni chemba au bomba la majitaka la umma, ipelekeni DAWASA. Kila mahali ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Msiende kama waombaji wa hisani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kuomba taarifa za mazingira. Inakataza pia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 1988, wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwatesa kwa moshi na harufu, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Ninyi mtakwenda na namba mkononi.

Mtaalamu akileta modeli yake, tumuulize nini?

Miradi mikubwa huja na modeli. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ambao unashughulikia hasa mafuriko. Mkiitwa kwenye mkutano wa wadau wa mradi wowote wa bonde hili, muwe na maswali haya. Data zilipimwa lini, kiangazi au masika? Kipande chetu kina sehemu ngapi za kupimia? Modeli ililinganishwa na vipimo vya msimu mwingine ambavyo havikutumika kuitengeneza? Jibu linaweza kukosea kwa kiasi gani? Na siku mbaya kuliko zote, maji yakiwa machache kabisa, inasemaje? Mtaalamu mzuri atayafurahia maswali haya. Akijibu kwa kusema tu kwamba kompyuta imesema, ombeni ripoti kamili.

Ni kitu gani modeli haiwezi?

Haiwezi kuokota plastiki, wala haimfungi anayetapisha choo usiku. Hesabu ya BOD haihusu madini mazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga za kandokando ya mito Sinza na Msimbazi ukakuta madini kama risasi na kadimi. Hayo hayaozi, hulala kwenye tope na kuingia kwenye mimea, na yanahitaji vipimo vyake. Vijidudu vya kinyesi navyo hupimwa peke yake. Kwa hiyo mto ukionyesha BOD nzuri, usikimbilie kusema mboga ni salama, na usiruhusu watoto waogelee. Mboga za bondeni zioshwe vizuri na zipikwe, tukijua kwamba kuosha na kupika hakuondoi madini yaliyokwisha kuingia ndani ya jani.

Tuanze lini?

Wiki hii inawezekana. Jumamosi asubuhi nendeni watu sita na barua ya mtaa, mchague mita mia tano za mto, mhesabu mabomba na mpime wingi wa maji kwa ndoo na chungwa. Ukiacha mabuti na glavu, hakuna fedha inayohitajika hadi hapo. Jumapili jazeni jedwali. Jumatatu pelekeni maombi ya profoma maabara, na barua kwa chuo. Majibu ya vipimo yakirudi, mtakuwa na jambo ambalo vikao vingi vya usafi havijawahi kuwa nalo: orodha ya vyanzo vya uchafu iliyopangwa kuanzia kizito hadi chepesi. Anzeni na cha kwanza kwenye orodha. Kikirekebishwa, pimeni tena mahali palepale, msimu uleule, ili mtaa mzima ujue kama kazi imezaa matunda. Kisha nendeni kwenye cha pili.